Dawa ya Tajudini ya Kuongeza Kinga

Tajudini aliingia uani kwa mama yake, mtaani Buyenzi, na viatu vyake vinavyong'aa, chupa ya kijani kwapani, akaomba kikombe kabla salamu hazijaisha. Kwa watu wa kwao, anayemletea mgonjwa dawa haondoki mpaka amwone ameinywa. Kumkatalia ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Mama yake, Bibi Mwantum, alilijua hilo vizuri sana, na kikombe hakukileta.

"Ni ya kuongeza kinga, mama. Inatibu kansa, sukari, na hii lupus ya mutoto. Wakubwa wa Kiriri, kule mulimani kwa matajiri, wote wanakunywa."

"Wa Kiriri wana kazi gani ingine?"

Mjukuu wake Khadidja alikuwa amelala mkekani, magoti yamevimba, mashavu yana mabaka. Daktari alikuwa amemweleza bibi ugonjwa huo taratibu mpaka akaelewa: katika damu mna askari wa kupigana, na mna wengine wachache ambao kazi yao ni kuwashika mikono wenzao wasimpige mwenye nyumba. Kwa Khadidja hao wachache wamelegea. Vidonge ndivyo vinavyowatuliza wapiganaji.

"Askari wanamubomolea mutoto nyumba yake mwenyewe," bibi akasema, "na we unawaongezea mapanga?"

"Mama, we uliishia darasa la tatu."

"Na we unasomea université ya WhatsApp! Mwenye kansa, hao wazuiaji wanamuzidi, wanamulinda adui. Huyu wamemupungukia. Magonjwa mawili yamepeana mgongo, bwana mukubwa ana chupa moja!"

Tajudini akacheka, kama mtu anayemhurumia mjinga.

"Bibi, muache kugombana," Khadidja akasema kwa sauti ndogo. "Nilisha kunywa. Juma lililopita mjomba alileta ingine, we ukiwa sokoni. Alisimama pale ananiangalia. Ningekataa namna gani? Akasema vidonge niviache kwanza, visigombane na dawa yake."

Bibi alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka kofia, kama mtu aliyeuziwa kitambaa kibovu.

"Mubebe mupwa wako umupeleke ku gari. Tunaenda hospitali. Na hiyo chupa uishike mukononi. Daktari akiuliza ni nani aliyesimamisha vidonge, apana kujieleza. Uinue tu."

Tajudini akainama, akambeba. Msichana wa miaka kumi na tisa, mwepesi kama nguo zilizoanuliwa. Hapo ndipo kicheko kilipofutika usoni mwake.