Hewa Nono na Vidonge vya Pua

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wote wenye masikio kwamba mimi, kiranja wa usafi wa bweni (niliyevuliwa cheo), leo nimefuzu kupiga mbizi kwa hewa nono. Kwa usahihi zaidi, nilikuwa karibu kufuzu hadi saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Hewa nono ni jina letu la hewa iliyoongezwa oksijeni. Inakuruhusu kukaa chini ya maji muda mrefu zaidi, ila ukizidisha kina, oksijeni ile ile inageuka sumu: unapatwa na degedege, kifaa cha kupumulia kinakuponyoka mdomoni, basi tena. Shangazi, mkufunzi wetu, alituimbia hayo wiki nzima. Mimi na binamu yangu, binti yake, tulibakiza mbizi moja ya mtihani. Kesho narudi bweni; kwa hiyo ni leo au mwakani.

Nikaamka na mafua. Mezani niliomba sukari kwa sauti ya mtu aliyefungiwa kabatini. Binamu alicheka mpaka akapiga chafya, maana nilikuwa nimeshamwambukiza.

Bafuni kulikuwa na vidonge vya kuzibua pua. Nilisoma kikaratasi chake chote kwa unyenyekevu. Bahari haikutajwa popote. Nikampa binamu kimoja.

"Mama atauliza kama tumekunywa dawa," alisema.

"Mwambie hamna. Hii si dawa, ni fundi bomba."

Baada ya nusu saa pua zetu zilikuwa wazi kama barabara anayopita rais.

Botini kila mtu hupima mtungi wake na kuubandika utepe wenye kiwango cha oksijeni na kina cha mwisho. Niliandika "asilimia 32, mita 33" kwa mwandiko wa hati ya ndoa. Kisha Shangazi akashika kalamu.

"Dawa yoyote leo? Binti?"

"Hamna, mama."

"Na wewe, bwana mkubwa?"

"Hamna, Shangazi! Niko imara kama nguzo!"

Kalamu ikasimama. "Hebu rudia."

"Niko imara kama..."

"Saa moja ulikuwa unaongea kama pua imepigwa lipu. Sasa hivi wewe mtangazaji wa redio. Umekunywa nini?"

"Kidonge kimoja tu. Kikaratasi hakijakataza."

"Kikaratasi kinaongea na watu wa nchi kavu! Kidonge hicho kinachangamsha mwili. Ukikichanganya na oksijeni nyingi huko chini, hakuna daktari atakayekuapia kwamba hakikusogezi kwenye degedege. Na kikiisha nguvu ukiwa chini, pua inaziba tena, hewa inanasa kichwani, kupanda kunakuwa mateso. Mwenye mafua hapigi mbizi. Vua mtungi."

Nikavua, nikaanza hotuba fupi ya kukubali kushindwa. Hakuna aliyesikiliza. Shangazi alikuwa anakaza mikanda ya binamu.

"Basi tunashuka wawili, mwanangu."

Binamu alinitupia jicho lililosema: thubutu ufungue huo mdomo. Mtihani huu ameusubiri mwaka mzima. Mimi nimewahi kudanganya walimu wanne, matroni na mkaguzi wa elimu, na usingizi haukunipungua hata dakika. Lakini alipouma kile kifaa na kukanyaga ukingo wa boti, mkono wangu uliitangulia akili. Nikamdaka mkanda.

"Shangazi, naye amekunywa! Nimempa mimi. Hata hilo 'hamna' nimemfundisha mimi."

Binamu alitoa kifaa mdomoni ili anitukane kwa nafasi. Shangazi alikaa chini taratibu, mkono kifuani, akamtazama binti yake, kisha mimi.

"Amekunywa vingapi?"

"Kimoja."

"Na wewe kweli ni kimoja?"

Nilitazama maji. Nilitazama vidole vyangu, vilivyokuwa vinatetemeka vyenyewe tangu tuondoke ufukweni.

"Viwili, Shangazi."