Injini ya Kumteremsha Binti Yangu

Binti yangu ni mkunga wa zahanati ya mlimani, na mwezi huo alikuwa na mimba yake mwenyewe ya miezi minane. Presha ikaanza kumpanda. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia kwa simu, bila kuzungukazunguka, kwamba asithubutu kuzalia kule juu. Mvua zilikuwa zinakaribia, na zikishaanza, njia ile haipitiki ila kwa lori letu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Tatizo ni kwamba lori letu halikuwa na injini.

Injini ilikuwa imelala uani kwangu, vipande vipande. Ilikufa katikati ya mlima ikiwa na mzigo wa saruji. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye fundi wetu, na safari hii aliamua kuiunda upya kuanzia chuma kitupu.

"Sikuundii ya mbio, Shemeji," aliniambia. "Nakuundia ya kuvuta. Itambae kama konokono, lakini isizime."

"Konokono sawa. Ila aanze kutembea wiki hii."

Alichongesha silinda, akaweka rejeta kubwa ya kupoza injini, akapandisha bomba la kuvuta hewa hadi juu ya paa ili tukivuka mto injini isinywe maji. Ikabaki krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni. Unashikwa na vifuniko vitano vya chuma. Ukivitazama vinafanana kama mayai, lakini kila kimoja kilichongwa pamoja na mahali pake. Ukivichanganya, krenki inabanwa. Namba za kiwandani zilikuwa zimefutika, kwa hiyo alivipanga mezani, akaviandika kwa chaki, akaenda kununua gasketi za kuziba oili isivuje.

Meza ilikuwa ya mama mkwe.

Aliporudi alivikuta vinang'aa, vimepangwa juu ya kitambaa cheupe kama vikombe vya wageni.

"Mama, nani ameviosha hivi?"

"Mimi. Unaniwekea grisi kwenye meza ninayolia chakula, halafu unauliza?"

"Na chaki?"

"Imetoka yote. Ile sabuni nzuri."

Fundi akakaa juu ya ndoo, akacheka bila sauti. Mimi sikucheka. Asubuhi hiyo binti yangu alikuwa amepiga simu kusema miguu imevimba hata viatu haviingii.

Shemeji alivifunga kwa kukisia, akajaribu kuzungusha krenki, akatikisa kichwa.

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia. "Ikishapata moto italegea yenyewe. Mawingu hayo huyaoni?"

Alinipa spana ndefu. "Zungusha wewe."

Nikazungusha. Ikaenda vizuri, kisha ikagoma, kama mlango uliovimba kwa unyevu. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, ikasogea kidogo, ikagoma tena.

"Hapo ndipo itakapofia," akasema. "Wewe ukiwa kwenye usukani, na yeye pembeni yako."

Nikamrudishia spana. "Fungua vyote."

Tukaanza upya. Anakaza kifuniko kimoja, nazungusha. Ikibana anakilegeza na kujaribu kingine. Mama mkwe hajawahi kuomba radhi maishani mwake, na siku hiyo pia hakuomba. Alivuta kigoda, akakaa kati yetu, akawa anapaka oili na kutukabidhi vifuniko kimoja kimoja.

"Hiki kimekataa huku. Kipelekeni kwa yule wa mwisho, labda wataelewana."

"Mama, hatuozeshi mtu hapa."

"Endelea kufunga, mwanangu. Mdomo utaufungua baadaye."

Kifuniko cha mwisho kilipokaa mahali pake, krenki ilizunguka kwa mkono mtupu, laini, bila hata kukwaruza. Mama mkwe aliizungusha mara mbili kuhakikisha. Kisha shemeji akachukua nyundo na msumari mgumu, akagonga alama kwenye kila kifuniko na mahali pake.

"Sasa osha mpaka uchoke, Mama."

Injini ikarudi kwenye lori, nami nikaondoka na shemeji; mvua ilitukuta njiani tunapanda. Binti yangu alitoka zahanati na begi moja na kandambili za mumewe. Wakati wa kurudi, ng'ambo ya mto, matope yalifika kwenye ekseli. Nikaweka gia ndogo. Injini ikashusha sauti, ikanguruma chini chini, ikatusogeza kidogo kidogo.

"Mama, mbona huombi?" binti yangu akauliza, ameshika tumbo.

"Naendesha."

"Mimi naomba," akasema baba yake mdogo kutoka nyuma. "Tumegawana kazi."

Haikuzima. Tukatoka kwenye matope, tukashika lami, na siku ya pili yake, kule hospitali kubwa, nikapakata mjukuu wa kike, mzima, mwenye sauti ya honi. Mama yake alilala usingizi presha ikiwa imeshuka, nami nikakaa pembeni ya kitanda nikishukuru kimya kimya, kwanza Mungu, kisha shemeji.

Maneno ya shukrani siyawezi. Kwa hiyo nilimchongeshea fundi wangu meza ya chuma, yenye droo na kufuli, nikaiweka uani.

"Asante, Shemeji," nikamwambia.

"Mimi ndiye wa kushukuru. Meza ni yangu."

"Sisemi meza. Nakushukuru kwa kunipa ile spana."

Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama kufuli ile ina ufunguo mwingine, na kama mama yake anajua ulipo.