Koko Irmgard na Kiapo cha Kabatini

Vijana walipovunja dirisha la jirani, Koko Irmgard aliniamuru niingie kabatini. Nikamwambia ana wazimu. Mwanamke wa miaka mia moja, miguu yenyewe humtii inapotaka, amfiche mtu mzima wa Uvira, mnene kama mimi?

"Ingia," akasema. "Wamekuona ukija kazini." Tangu asubuhi walikuwa wakizunguka mtaa wetu wa Northfield wakitafuta wakimbizi wa kupiga.

Koko, yaani bibi, ndivyo ninavyomwita, ingawa ni Mjerumani. Namwogesha mwaka wa tatu sasa, na makovu ya mgongo wake nayajua kuliko mgongo wangu. Alipokuwa msichana Berlin alisambaza karatasi za kumpinga Hitler, akamficha rafiki yake Lotte, Myahudi, nyuma ya jiko. Polisi walipokuja walimchapa Koko mijeledi mbele ya jiko hilohilo ili aseme. Hakusema. Lotte ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akatoka mwenyewe. Walimpiga risasi kwenye ngazi.

"Nilipigwa bure," husema Koko, na hasira yake kwa Lotte haijapoa hadi leo. Sasa akaniambia: "Hata ukisikia lolote, Fortunée, usitoke. Apa."

Nikaapa, nikajikunja kati ya makoti yake.

Alifungua mlango kabla hawajaupiga teke. Nilimsikia akisema yuko peke yake, kwa sauti ya kibibi mpole ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mmoja akamwita mwongo, akamzaba kofi. Koko akaanguka, nikasikia mfupa ukivunjika. Hakulia. Peke yangu, akarudia. Buti likamwingia mbavuni. Peke yangu. Likamwingia tena, na safari hii neno halikutoka.

Kwetu mtu hakai kabatini bibi yake akiuawa. Nilitoka. Pasi niliyokuwa nikinyooshea magauni yake ilikuwa bado ya moto. Nikaichomoa, nikaibandika shavuni mwa yule wa buti. Ngozi ikashikamana na chuma, akapiga mayowe. Mwenzake akanichana mkono kwa chupa, kutoka kiwiko hadi kiganja. Nikamtwanga pasi mdomoni, meno yakamwagika zuliani. Nilitaka kuwaua, sitaficha, lakini walikimbia.

Koko alikuwa anapumua. Alinitazama kwa jicho moja, lile lililoweza kufunguka.

"Uliapa," akasema.

Hajanisemesha tena. Hospitalini wamemfunga nyonga kwa vyuma, na kila nikimpelekea uji anageukia ukutani. Jana Nyokabi, nesi Mkenya wa wodi ile, alinivuta kando. "Pole, dada. Shosho wako ame-refuse uji tena. Anasema ulimharibia kazi."

"Mie pia nimemkasirikia," nikamjibu. Kisha nikamgeukia Koko, nikasema kwa Kiingereza, wodi nzima isikie: "Nani alikwambia roho yangu ni ya kufichwa na yako ni ya kutupwa?"

Hakugeuka. Nikavuta kiti, nikakaa hapohapo na bakuli langu, nimenuna.