Swali Moja kwa Kila Chuo

Lowell Brandt alikuwa mtu wa saa. Kazi yake mjini Toledo ilikuwa kupanga ratiba za mabasi ya shule, na katika kazi hiyo ukikosea kidogo tu, watoto wa mtaa mzima wanasimama kwenye theluji wakikulaani. Ile methali ya haraka na baraka haikuwahi kufika kwake. Hata pankeki alizila wima, ufunguo wa gari mkononi, akilalamika kwamba sharubati ya kuzimwagia inatoka polepole.

Sasa huyu ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta chuo chenye utulivu. Mungu naye ana mzaha wake.

Aliyekitaka chuo hicho ni bintiye, Corinne, msichana wa miaka kumi na saba. Corinne alikuwa wa kwanza darasani tangu alipojua kushika kalamu, mpaka Januari, katikati ya mtihani wa kemia, alipoinuka bila kusema neno akatoka nje. Walimkuta kwenye stoo ya mipira, amekaa sakafuni, anatetemeka. Tangu hapo usingizi ulimhama. Usiku Lowell alimsikia ghorofani akitembea, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na yeye kule chini macho makavu vilevile. Daktari akatoa vidonge. Vidonge vikamzubaisha mchana, na usiku akaendelea kutembea.

Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali. Kimoja, Harrowden, ni chuo ambacho ukikitaja dukani watu wanageuka kukutazama. Lowell alikitaka kwa moyo wake wote. Kioo cha nyuma cha gari alikwisha kukisugua kikang'aa, maana mtaani kwao kila mzazi hubandika hapo stika ya chuo cha mwanawe, na majirani huzisoma stika hizo kuliko wanavyosoma gazeti. Kingine, Larkmoor, ni chuo kidogo katikati ya mashamba ya mahindi, ambako mtu husoma falsafa asubuhi na nyota jioni, na mwisho wa muhula hapewi alama wala nafasi, bali mwalimu humwandikia maneno tu. Jibu lilitakiwa kesho yake.

"Asubuhi chako, alasiri changu," Lowell alimwambia bintiye. Harrowden walikuwa na mkutano wao wa mwisho na waliokubaliwa, saa kumi kamili, na mchelewaji hafunguliwi mlango.

"Sawa," alisema Corinne. "Lakini una swali moja kwa kila chuo, Baba. Moja tu. Ukiuliza la pili, narudi Toledo kwa miguu."

Alikuwa na sababu zake. Msimu uliopita, katika vyuo vingine, baba yake aliwabana waongoza wageni kwa maswali ya mishahara na kazi mpaka mmoja wao akasingizia kubanwa na haja.

"Na swali likiwa na vipande viwili?"

"Baba!"

"Nauliza tu, mama."

"Basi umeshaanza."

Njia nzima Corinne alitafuna ukosi wa sweta lake. Lowell aliliona hilo kwa pembe ya jicho na kila alipoliona alikanyaga mafuta zaidi.

Larkmoor walipokewa na mwanafunzi mmoja mrefu aitwaye Rufus, miguu mitupu, na baridi ya Aprili ile. Kama ilivyo ada ya waongoza wageni wa vyuo, Rufus alitembea kinyumenyume ili awatazame usoni. Yule wa Harrowden, walipokwenda mara ya kwanza, alishuka ngazi za mawe hivyohivyo kinyumenyume bila kupepesa jicho, na Lowell akasema moyoni, hawa ndio watu. Rufus hakufika mbali. Alipiga kisigino kwenye benchi, akapinduka, kahawa ikamwagikia kifuani.

Lowell alimwonea haya. Alingoja kijana aruke, ajifute, aombe radhi. Kijana alibaki palepale chali kwenye majani.

"Hii ni maktaba," alisema, akinyoosha kidole juu. "Na kwa kweli, ukiwa hapa nilipo, paa lake unaliona vizuri zaidi."

"Umeumia?" Corinne aliuliza.

"Ni shati tu. Nalo halikuwa safi."

Corinne aliacha kutafuna ukosi. Lowell alijawa na swali mdomoni: wanaomaliza hapa huajiriwa na nani? Akalimeza, likashuka kwa tabu.

Darasa walilopelekwa kuketi lilikuwa sebule ya nyumba kuukuu, yenye makochi yasiyofanana na mbwa mnene aliyelala katikati ya zulia. Mwalimu alikuwa mama mwenye mvi, na wanafunzi walimwita Margit, jina kavu bila cheo, hata Lowell akashtuka kwa niaba yake. Baba na binti walipewa kochi moja la springi zilizochoka, mmoja akijikuna na mwenzake anatikisika.

Walianza kwa kunyamaza. Ndivyo waanzilishi wa chuo walivyofanya na ndivyo ilivyobaki: watu wanakaa kimya mpaka mmoja awe na la kusema. Lowell hakuwa ameambiwa. Alidhani mwalimu amesahau somo. Alitazama saa, akatazama dirisha, akatazama mbwa, akatazama saa. Mguu wake ukaanza kucheza kama wa fundi cherehani aliyechelewesha nguo ya harusi.

Hatimaye Margit alisema, "Kwa nini tunaisahau ndoto, lakini tunakumbuka kwamba tuliota?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wakawaza, tena kwa raha zao. Lowell alitaka kupiga kelele. Kule Harrowden mikono ingekuwa imejaa hewani! Akageuka amwone Corinne, maana Corinne ndiye hujibu wengine wakiwa bado wanakohoa.

Corinne alikuwa amelala.

Haikuwa kusinzia. Alikuwa amelala fofofo, shavu juu ya mkono wa kochi, kinywa wazi. Uso ulimwiva Lowell. Kufika ugenini, darasani, mbele ya mwalimu, na kukoroma! Akanyoosha mkono amwamshe.

"Mwache," alisema Margit kwa sauti ya chini.

"Samahani sana, mama. Si kawaida yake, hajawahi—"

"Hapa watu hulala. Wengine huamka na jibu."

Wanafunzi wakacheka kidogo, si kwa dharau, kisha wakaendelea na ndoto zao kwa kunong'ona. Kipindi kilipokwisha walitoka wakinyata. Msichana mmoja alivua koti lake akamfunika Corinne, akamwambia Lowell aliache kwa Rufus, akaenda zake.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lowell hajamaliza kupumua, simu aliyoitega tangu alfajiri ikabweka mfukoni: "Ondoka sasa! Ondoka sasa ufike kwa wakati!" Aliichomoa, ikamponyoka, akaikamata, akaibonyeza kila mahali isipokuwa panapotakiwa, mwishowe akaikalia. Ikaendelea kumhimiza kwa sauti ya kuzibwa mpaka ikachoka. Corinne alijigeuza, akamung'unya kitu, akatulia.

Jasho lilimtoka baba wa watu. Wakiondoka sasa hivi, wangewahi. Alichotakiwa kufanya ni kumgusa bega tu. Angeamka, angesema "Niko tayari, Baba," angejifunga mkanda, na saa kumi angekuwa Harrowden ameketi wima mbele kabisa. Corinne hakuwahi kumkatalia kitu. Na hapo ndipo hofu ilipomshika Lowell, hofu kweli, kwa sababu alikumbuka kwamba hata asubuhi ya ule mtihani alimwambia mtoto afanye haraka, na mtoto alikuwa amefanya haraka.

Aliurudisha mkono. Lakini ule mguu haukusikia. Uliendelea kucheza, na kochi lote likacheza nao, na kichwa cha Corinne kikawa kinagongagonga taratibu. Alijaribu kuukandamiza kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Haukukubali. Basi akateleza polepole akashuka kochini, akaketi sakafuni kando ya mbwa, mguu wake ukimhangaisha yeye peke yake.

Alikaa. Hakukaliki, lakini alikaa. Aliona muda wa kuondoka ukipita, kisha ukipita zaidi, na kila ulivyopita alisikia kama mtu anambandua ngozi. Rufus aliingia na sandwichi ya bata mzinga, akaitazama hali, akaiweka sakafuni, akatoka. Mbwa akaila nusu.

Jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili Corinne alipofumbua macho. Alitazama dari, akatazama koti asilolijua, akakurupuka.

"Saa ngapi?"

"Kumi na robo."

"Baba! Harrowden! Wamefunga! Mbona hukuniamsha?" Sauti yake ilipanda, vidole tayari vinautafuta ukosi wa sweta. "Utanichukia. Umekitaka mno, najua umekitaka, nimeona ulivyosugua kile kioo—"

"Corinne. Sijatumia swali langu."

"Hapa? Hujauliza hata moja?"

"Hata moja."

"Haya, uliza," alisema, akajikunyata kama anayesubiri sindano.

Lowell alikuwa na manyoya ya mbwa mpaka kwenye nyusi.

"Umelala vizuri?"

Midomo ikamcheza Corinne.

"Hilo ndilo swali lako?"

"Ndilo. Sina jingine."

"Nimelala," alisema, na machozi yakamtoka bila kelele. "Baba, nimelala kweli."

Akajilaza tena, akalivuta koti mpaka kidevuni. "Nipe dakika tano."

"Chukua kumi," alisema mpanga ratiba wa mabasi, akamsukuma mbwa kidogo apate pa kunyooshea mguu.