Ukingo wa Chini

Watu wa mtaa ule walimwita Pima Maji, na hakukasirika hata siku moja. Seremala gani atakasirika kuitwa jina la kifaa cha kupimia usawa, kisichojua kudanganya? Meza aliyoitengeneza yeye, ungeweka gololi juu yake ukaenda zako sokoni, na ukirudi ungeikuta palepale. Kitanda chake hakikulia. Kabati lake halikuhitaji kipande cha boksi chini ya mguu. Sifa hizo alizijua na, tuseme ukweli, alizipenda.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu, naye alikuwa mama yake mzazi. Mama Radi, kama bendi ya kiwanda cha sabuni ilivyomwita, alikuwa amepiga ngoma kwa miaka thelathini na moja. Ni ile ngoma ndogo ya bendi, yenye ngozi juu na chini, na nyaya nyembamba zilizosokotwa zikipita chini ya ngozi ya chini, ndizo zinazoipa ule mlio mkali wa kumwamsha aliyezimia. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," mama alikuwa akisema. Bintiye akimletea stuli mpya, aliikalia. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Sasa, mwezi mmoja kabla Mama Radi hajastaafu, ngoma yake ikafumuka kwenye maungio kama kiatu kilichochoka. Ilikuwa ya mbao, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, na aliyeitengeneza hakuna aliyemjua. Kiongozi wa bendi akamtolea ngoma ya chuma kutoka stoo.

"Miaka yote hiyo," mama alilalamika aliporudi nyumbani, "halafu niwaage watu nikipiga sufuria?"

"Mimi nitakutengenezea nyingine, mama," Pima Maji akasema. "Ya mbao. Ya kizamani vilevile."

"Sawa. Lakini nisikilize, mwanangu. Isiposema, siipigi. Sitapiga kitu mbele za watu kwa sababu tu nimekuzaa."

Yalimchoma, maneno yale. Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja tu: ngoma yake ipigwe na mama yake siku ya kuagwa, mbele ya kiwanda kizima, na yeye awepo.

Aliilaza ngoma kuukuu juu ya meza ya karakana, akaipima kila mahali na kuandika kwenye daftari. Kisha alichagua ubao wa mkangazi, akaupiga randa mpaka ukawa mwembamba, akauingiza kwenye bomba refu la chuma lililounganishwa na birika linalochemka, ili mvuke uulainishe apate kuukunja duara. Ubao wa kwanza ulikatika. Wa pili nao ukakatika, na fundi bati, jirani yake, akachungulia dirishani.

"Dada, hizo mbao zikiiva unikaribishe."

"Njoo na sahani yako," akamjibu bila kugeuka. "Na vibano vyako vyote."

Fundi bati alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuja na vibano. Ubao wa tatu ulikubali, ukazunguka taratibu hadi ncha zake, alizokuwa amezichonga mshazari, zikalaliana. Gundi ilipokauka hata ukucha haukuona pa kuingia. Kwa ndani alibandika pete mbili za mbao ili duara lisilegee. Za nje, zile zinazobana ngozi, alizipaka rangi nyekundu, na mwili wenyewe akausugua vanishi kwa kitambaa, mkono baada ya mkono, hadi ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Fundi bati akafua ndoano na vijiti vya shaba vya kukazia ngozi, vya mviringo, mtindo wa zamani, akavisugua mpaka vikang'aa.

Zikabaki kingo. Kazi hiyo ndiyo Pima Maji aliyoimudu kuliko zote. Alitandika msasa juu ya kioo, akalisugua duara lile juu yake hadi mwanga usipite popote kati ya ukingo na kioo. Kwenye ngoma kuukuu, ukingo wa chini ulikuwa umebonyea pande mbili zinazotazamana, pale nyaya zinapoingia na zinapotokea. "Umelika," aliandika kwenye daftari. "Kusahihisha." Na akasahihisha. Alimwita fundi bati ashuhudie karatasi ikikosa pa kupenya, na hata akacheka kidogo, akimhurumia yule fundi wa kale.

Jumatano ya wiki ya kuagwa, ngozi na nyaya zikiwa zimeshafungwa, mama akaja karakana. Aliigeuza ngoma, akainusa, akapitisha kidole gumba kwenye pete nyekundu. Akaiweka kwenye stendi, akachukua vijiti, akapiga.

Pigo kubwa lilitoka vizuri, ila nyuma yake likafuatwa na mtetemo wa ovyo, kama misumari ndani ya kopo. Akapiga polepole: nyaya zikanyamaza kabisa, ngoma ikawa bubu. Akazikaza, sauti ikakabwa. Akazilegeza, misumari ikarudi. Mama akaweka vijiti chini kwa upole.

"Nzuri," alisema. "Tutaiweka sebuleni."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Alichukua mkoba wake, akasema Jumamosi atapiga ile ya chuma, akaondoka.

Pima Maji alikaa kwenye rundo la mbao. Fundi bati alisimama mlangoni akikuna kichwa. "Dada, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Nenda na methali zako!"

Akaenda. Pima Maji akaipindua ngoma yake magotini, akaikodolea macho. Nyaya zilipofika ukingoni zilinyanyuliwa na ule unyoofu wake, zikabaki zikigusa ngozi katikati kwa kubahatisha tu. Zilihitaji kushuka kidogo pale mwishoni ili zilale juu ya ngozi yote. Zishukie wapi? Aliinuka ghafla, akaichukua ile kuukuu, akaipeleka dirishani.

Ndani ya yale mabonyeo mawili kulikuwa na michirizi ya tupa, yote imeelekea upande mmoja, na juu ya michirizi vanishi ya tangu enzi hizo. Mbao ikilika, hairudi kujipaka vanishi. Kuna mtu aliyachonga makusudi, kwa mkono uliojua unachofanya, na yeye Pima Maji akamsahihisha! Mdharau mwiba mguu huota tende. Uso ulimwaka moto karakana ikiwa tupu.

Alhamisi asubuhi alizivua ngozi. Kwenye ukingo wa chini akachora kwa penseli sehemu mbili, kila moja upana wa kiganja, akaibana ngoma kwenye jiliwa na kushika tupa. Mkono ukagoma. Kwa miaka ishirini mkono ule ulikuwa umefundishwa kuondoa mabonde, leo unaambiwa uyachimbe, tena kwenye ukingo ulionyooka kuliko yote aliyowahi kunyoosha. Na akizidisha, hakuna gundi ya kurudisha.

"Kweli unaiharibu?" fundi bati aliuliza kutoka dirishani, safari hii kwa sauti ndogo.

"Naiharibu."

Akavuta tupa mara kumi, akaweka rula, akatazama mwanga. Mara kumi nyingine. Mwanga ulipofikia unene wa ukucha, aliacha. Akahamia upande wa pili, akifuta jasho kwa bega. Kisha akalowanisha ngozi, akazivalisha na kuziacha zikauke polepole kivulini, siku na zaidi.

Ijumaa alasiri alimpelekea mama yake ngoma, akamkuta akipiga pasi sare ya bendi. Mama hakugusa vijiti. Alidondosha ncha ya kidole katikati ya ngozi, na chini yake nyaya zikaitika. Akapitisha ukucha, zikaitika tena, zote kwa pamoja. Ndipo akachukua vijiti, akaanza kwa sauti ndogo ya mvua inayojaribu paa, ikaongezeka, ikajaa chumba, vikombe vikatetemeka kabatini na jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta. Mama alikuwa amefumba macho. Alipomaliza hakusema neno la sifa.

"Nipe ule mkanda," alisema, akaifunga ngoma kiunoni ili aone itakavyokaa.

Jumamosi uwanja wa kiwanda ulijaa, kuanzia wapakiaji hadi mameneja. Bendi ilipiga, kisha matarumbeta yakanyamaza na kumwachia Mama Radi nafasi ya mwisho, naye akaitumia yote. Makofi yalipopungua, kiongozi wa bendi akauliza kwenye kipaza sauti, "Mama, ngoma hii umeinunua wapi? Na sisi tuagize."

Mama alimnyang'anya kipaza sauti.

"Hainunuliwi," alisema. "Fundi wake yule pale, mwenye kitambaa cha bluu. Nimemzaa mimi."

Watu mia tatu waligeuka. Fundi! Mama yake alikuwa amemwita fundi. Pima Maji alitaka kupunga mkono kama mtu mzima mwenye heshima zake, akashindwa. Alilia palepale, machozi na kamasi, huku akicheka, na hakujifuta.