Sakafu Juu ya Gereji

Kitambaa cha kudekia alichokisahau kwenye kona jana yake kilikuwa kimegandia sakafu kwa baridi. Goretti alikivuta kwa mikono miwili, kikabanduka kwa mlio wa plasta inayotolewa kwenye kidonda. Mgongoni, ndani ya kitenge, mwanawe Ntwali alicheka kwa ule mtikisiko. Alikuwa na miezi kumi na hajawahi kutambaa. Angetambaa wapi? Aliwekwa kitandani tu, na kitanda kina mwisho.

Chini ya chumba chao hapakaliwi na mtu. Kuna gereji isiyo na kuta, magari ya wapangaji, na upepo wa baridi wa Minnesota, Marekani, unaopita humo mchana na usiku. Mumewe, Onesphore, aliijua habari hiyo kuliko mtu yeyote kwenye jengo, maana ndiyo kazi yake. Kila siku huenda mji wa Champlin, kwenye nyumba za watu, kusukuma pamba ya kioo, ile ya kuzuia baridi, chini ya sakafu mpaka igusane na mbao, kisha huifunga kwa waya isishuke. Hapa kwao aliinua macho gerejini siku moja tu, akaona. Pamba ipo, lakini imelegea, imening'inia shibiri nzima chini ya mbao, na baridi inapita katikati.

"Ni kama kuvaa koti halafu unalishikilia mbali na mwili," alimwambia mkewe. "Mimi na mtu mmoja, mbele ya midi, saa sita ya mchana, tumemaliza."

Akamfuata Erick, msimamizi wa jengo, Mtanzania aliyekuja kusoma, akasoma, akabaki. Erick alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni.

"Kaka, nakuelewa kabisa. Ila dari ile ni mali ya kampuni. Ukianguka na ngazi, nani atajibu? Ukiigusa, mkataba wako umekwisha. Usiniponze."

"Basi muniletee fundi wenu."

"Hita inafanya kazi, haifanyi?"

"Inafanya."

"Sasa?"

Onesphore akapeleka malalamiko kwa wakaguzi wa nyumba. Wakajibu kwamba mtu atakuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Siku ya kazi. Alipokuwa akifunga viatu alimwambia mkewe neno moja tu: "Umuonyeshe sakafu."

Goretti alikulia Uvira, Kongo. Kwao, mgeni wa serikali akija, viti huazimwa hata mtaa wa tatu. Huyu hakuwa mgeni wa hivi hivi, alikuwa mtu aliyeshika mashauri yao. Amkaribishe kwenye baridi inayouma meno, aonekane mwanamke wa namna gani? Basi akaazima tapi tatu, mazulia mazito, kwa akina mama wa kanisani, akazitandaza ukuta kwa ukuta. Akapandisha hita mpaka mwisho wake. Akaoka mikate, kisha akaacha mlango wa oveni wazi, joto litoke. Saa nne ilipofika, madirisha yalikuwa yanatoka jasho.

Mkaguzi alikuwa mzungu mrefu, mwenye haya. Erick aliingia naye, kutafsiri. Mkaguzi alipoinama kuvua buti, Goretti alimzuia kabisa: mgeni havui viatu. Mkaguzi akasimama katikati ya tapi, akatoa kifaa cha kupimia joto, akakishika usawa wa kifua. Akangoja. Akavua kofia.

"Nyuzi sabini na moja," alisema Erick. "Kwa vipimo vya huku, sheria inataka sitini na nane. Hongera, dada."

"Hapana, hapana. Mumuambie leo nimemtayarishia. Siku zote haiko hivi."

Erick alisema kitu kifupi. Mkaguzi akatabasamu, akaweka kiganja kifuani kama mtu anayeshukuru.

Goretti akapiga magoti. Akakunja pembe ya tapi. "Ashike!"

Mkaguzi alishika kwa vidole viwili, akavitoa haraka. Akazungumza polepole, akimtazama Goretti, siyo Erick.

"Anasema pole sana," Erick alitafsiri. "Sheria inapima hewa ya katikati ya chumba. Sakafu haimo."

"Na plafo, ile dari ya gereji? Ashuke tu aone!"

"Hiyo ni fomu nyingine, dada. Siyo ya kwake." Kisha Erick akageuka, akaiona oveni. Akaipiga picha kwa simu yake.

Barua zilikuja mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilisema malalamiko yamefungwa. Ya pili, ya kampuni, ilisema kupasha nyumba joto kwa oveni ni hatari, na hilo ni onyo la kwanza na la mwisho. Onesphore alizisoma amesimama, vumbi la pamba bado kwenye nyusi.

"Umemuwashia mgeni moto."

"Nilitaka nimupokee aje? Kwenye baridi, kama mbwa?"

"Ndiyo," alisema Onesphore. "Kama sisi."

Jumapili wenye tapi walikuja kuzichukua.

Februari, kliniki ikamtuma mtaalamu wa ukuaji wa watoto, binti mpole aliyekuja na mkalimani kwenye simu. Nyuma ya sauti ya mkalimani, huko alikokuwa, feni ilisikika ikizunguka.

"Anasema mtoto amechelewa. Anasema akina mama wengi wa kwenu wanabeba sana. Misuli haipati kazi."

Goretti alieleza. Alieleza gereji, pamba, mkaguzi. Simu ikafupisha.

"Anasema anaelewa. Ila mtoto lazima awekwe chini, nusu saa kila siku. Amekuletea soksi."

Binti alitandika shuka nyembamba, akamvisha Ntwali soksi, akamlaza kifudifudi. Ntwali alinyanyua viganja. Akanyanyua na miguu. Akabaki juu ya tumbo tu, shingo imenyooka, akitetemeka, halafu akaanza kupiga kelele. Goretti alikuwa ameshainama amchukue.

"Anaomba usimchukue bado. Anapima."

"Anaandika nini?"

Feni ikasikika.

"Ameandika: mtoto anakataa sakafu. Mama ana haraka ya kumbeba." Kisha mkalimani akasikiliza tena. "Anasema subiri, mama. Zimebaki dakika sita."