Mkungu wa Nyuma ya Jiko

Nathanieli wa Izigo alikuwa na binti aliyefika chuo kikuu, na hakuna aliyepita kibanjani kwake bila kuambiwa. Kasoro ilikuwa moja: hakujua kueleza binti anasomea nini. Alijua ni ubongo wa nyani, basi. Jirani yake Rugaibula, ambaye ulimi wake haujapata likizo tangu azaliwe, akalidaka hilo. "Watoto wa wenzake wanatibu watu," alisema, "wa Nathanieli anatibu ngedere."

Siku moja binti huyo, Joviana, alikuja nyumbani Izigo na uso mzito. Huku akimenya ndizi, alimweleza baba yake. Seli zote za ubongo zina jeni zilezile, ila kila eneo la gamba la ubongo hutumia jeni hizi sana na zile kidogo. Eneo la nyuma, la kuona, halifanani na la mbele, la kupanga mambo. Yeye alikuwa akipima tofauti hizo kwa nyani sita waliokufa kwa uzee. Sampuli za mbele za nyani watano zilikubaliana. Ya mbele ya nyani wa sita ilisoma kama ya nyuma. Profesa alimsimamisha kabla hajagusa sampuli ya nyuma ya nyani huyo, akasema mpimaji hana umakini. Asipoleta maelezo mwezi huu, kazi ya miaka miwili inaanza upya.

"Ulikosea?" baba aliuliza.

"Nimepima mara tatu, Tata. Sasa hata mimi sijiamini."

Ilimuuma Nathanieli. Jembe angeweza kumshikia, lakini hayo hayakuwa na mpini.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani. Mzee wa kanisa alipokea mikungu ya ndizi mlangoni, akabandika karatasi za majina. Ulipoinuliwa mkungu mnene kuliko yote, likasomwa jina la Rugaibula, naye akasimama kupokea makofi. Nathanieli akautazama vizuri.

"Huo ni wangu," alisema. "Umetoka nyuma ya jiko."

Rugaibula akacheka. "Waitu, jirani yangu, machipukizi ya migomba yangu nilichukua kwako. Mama ni mmoja. Utatofautishaje?"

"Mama ni mmoja, mahali si pamoja. Nyuma ya jiko kuna majivu na maganda, ndizi zinajaa mpaka nchani. Kwako shamba liko ukingoni mwa nyasi, ndizi zinabaki nyembamba. Karatasi inaweza kukosea. Mkungu haukosei."

Penina, mke wa Rugaibula, akasema taratibu kwamba wao walileta ule mwembamba pale pembeni. Aliubeba mwenyewe kichwani. Kanisa zima likacheka, mchungaji naye.

Joviana hakucheka. Alimshika baba yake mkono. "Tata, rudia hiyo ya karatasi."

Kesho yake asubuhi alipanda basi Muleba mjini kurudi chuoni. Alimwomba profesa ruhusa moja tu, ya kupima sampuli ya nyuma ya yule nyani wa sita, na kabla ya kupima aliandika jibu analolitarajia.

Baada ya majuma mawili simu ililia. Nathanieli alikuwa barazani na Rugaibula, wakinywa chai.

"Tata, ya nyuma imesoma mbele kabisa. Waliotutumia sampuli wameukagua ubongo uliobaki, wamekiri walibandika majina ya chupa mbili kinyume. Profesa ameniomba radhi. Anasema sasa nyani wa sita ndiye ushahidi wetu mkubwa: maeneo yanatofautiana kiasi cha kujitaja yenyewe hata karatasi ikidanganya. Ameniuliza nilifundishwa na nani, nikamwambia ni mkulima wa Izigo, baba yangu."

Mtandao siku hiyo ulikuwa safi sana. Nathanieli alibonyeza spika, akaiweka simu mezani karibu na kikombe cha Rugaibula.

"Mwana wange, sikukusikia vizuri," alisema. "Hebu rudia, kuanzia mwanzo."